Bendi ya Wales Kwenye Gari la Anko

Wapendwa, nawasalimu katika jina la Yesu. Wengi mnanijua kama yule msichana wa kukaa karibu na mlango. Haya nimeyaandika kwanza, kwa sababu bila karatasi naweza kurudi kuketi. Mtanivumilia nikisoma.

Tunaishi hapa Dubai, mtaa wa Satwa, katika nyumba iliyogawanywa kwa mbao, kila familia na upande wake. Baba ni security wa usiku, na majirani wana shifti zao. Ndugu zangu, nawaambia, katika nyumba ile hakuna saa ambayo hakuna mtu amelala. Tangu utotoni nimeambiwa ninyamaze, watu wamepumzika. Nikazoea kunong'ona. Mwaka jana hata kunong'ona kukaisha. Darasani nilifungua mdomo na hakikutoka kitu. Sikuwa mgonjwa. Sauti haikuja tu.

Shule ikamwita baba. Wakamwambia kwamba nisipofanya mtihani wa kuongea, siwezi kuendelea. Baba akaamua nirudi Kenya, nikakae na nyanya. Mama, anayefanya kazi za ndani, akilala kwa madam wake na kuja kwetu siku ya off, akakubali huku akilia. Hakuna aliyeniuliza, na hata wangeniuliza ningewajibu kwa sauti gani?

Sasa niwaambie kuhusu anko. Huyu ni jirani yetu Mtanzania, fundi wa magari kule Ras Al Khor, na asubuhi ndiye hutupeleka shule watoto wa jengo letu. Gari lake alilinunua likiwa na CD imekwama kwenye redio. Haitoki, na stesheni hazishiki. Kwa hiyo kila asubuhi tunasikiliza bendi moja ya roki kutoka Wales. Wanaimba kuhusu migodi iliyofungwa na kina baba waliorudi nyumbani kukaa jikoni. Wanaimba kwa nguvu zote, kama uwanja mzima unaitikia. Anko husema, "Hawa jamaa wanaimba kama watu waliocheleweshewa mshahara." Mimi nilizijua nyimbo zote. Niliziimba kwa midomo tu.

Wengine wenu mlikuwepo siku ile fellowship ilipokwenda Hatta kuona bwawa. Mimi na baba tulipanda gari la anko. Baba alikuwa akimweleza dada mmoja wa fellowship aliyepanda nasi mambo ya safari yangu ya Kenya, mimi nikiwa kiti cha nyuma. Bendi ikafika kwenye kiitikio, anko akaongeza sauti. Halafu gari likaruka tuta, redio ikazima.

Wimbo haukuzima. Ilikuwa sauti yangu. Nilimaliza mstari mzima kabla sijajua.

Baba aligeuka. Sijawahi kumwona akinitazama vile. Akasema polepole, "Endelea, mama."

Sikuweza kuendelea. Anko ndiye aliyesema, macho yakiwa barabarani: "Mzee, binti haumwi huyu. Mnamwambia anyamaze Jumatatu mpaka Jumapili, halafu mnashangaa amenyamaza."



Wiki iliyofuata baba akamwomba anko funguo za gari. Tangu hapo, kila jioni kabla ya shifti, tuliketi ndani ya gari nyuma ya jengo, vioo vimefungwa. Yeye kiti cha mbele, mimi nyuma, nikisoma kitabu kwa sauti. Mwanzoni nilisoma vibaya sana. Siku nyingine alisinzia, nikaendelea kusoma tu, na hakuamka. Hapo nikajua kwamba mtu anaweza kulala na mimi naongea.

Mtihani niliufanya. Waliniambia nizungumzie muziki, nikawaeleza habari za Wales mpaka mwalimu akasema khalas, inatosha. Nilipita. Baba akampigia nyanya kumwambia siji.

Namshukuru Mungu. Namshukuru anko, ambaye leo yuko kazini. Namshukuru baba, aliyepunguza usingizi wake. Wazazi wangu mliopo hapa, sisi sote tunaishi na watu waliolala. Mtoto wako akinyamaza, kabla hujamkatia tiketi, mtafutie kwanza mahali ambapo anaruhusiwa kupiga kelele.

Nimemaliza. Naona nimesimama muda mrefu.