Kitufe cha Msiba

Kijiwe chetu kinaitwa Mashudu. Kiko nyuma ya soko, Bariadi mjini, mahali ambapo harufu ya mashudu ya pamba kutoka ghala la jirani inagombana na tangawizi ya kahawa ya Nuruddin. Benchi ni ubao wa ubavuni wa lori lililokuwa likibeba pamba. Ukikaa vibaya, komeo lake linakuchoma. Wanaolikalia hawabadiliki. Yuko Sayi wa bodaboda, tunayemwita Breki kwa sababu pikipiki yake haina. Yuko Yakobo, yaani Profesa, ambaye hajawahi kusema sijui. Yuko Fredrick, yaani Injinia, aliyetengeneza programu mpya ya matangazo ya soko, iliyoanza kutumika juzi. Nuruddin mwenyewe hakai, anasimama na birika lake akigongesha vikombe viwili: ta-ta-ta, taa. Mlio huo ndio tangazo lake la biashara, na Bariadi nzima hakuna mwingine anayegonga hivyo. Mimi wananiita Hoja. Niko likizo kutoka chuo, na kwa kuwa ni mwanamke pekee hapo, nimeachiwa upande wa komeo.

Asubuhi hiyo mada mezani, kama tungekuwa na meza, alikuwa Scola. Scola ndiye anayekaa chumba cha matangazo sokoni. Anafungua kompyuta, anabonyeza kitufe, na spika iliyo juu ya nguzo inasema mbuzi kapotea, chanjo ya ng'ombe ni kesho, fulani kafariki. Juzi, soko halijachangamka, spika ilikoroma ikatangaza kwamba Mzee Mayige hatunaye. Ndugu zake wakaja kutoka Lagangabilili na unga, mbuzi na mikeka, wanawake wakilia tangu barabarani, wakamkuta marehemu mlangoni anatafuna michembe, vile viazi vya kukaushwa. Jana spika ikarudia. Leo saa nne kamati ya soko inakaa kumwondoa Scola kazini, na hilo ndilo dogo. Kubwa ni kwamba watu wameanza kuulizana kwa nini anamwita mzee wa watu kaburini, na huku kwetu neno linalofuata swali hilo, likishamshika mwanamke, halimwachii.

— Swali ni moja, alisema Breki. Kabonyeza au hajabonyeza?

— Kabonyeza, alisema Injinia. Kitufe hakijibonyezi. Nimekitengeneza mwenyewe, nakijua.

— Basi kesi imekwisha. Mwenye kidole ndiye mwenye kosa.

— Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, aliongeza Profesa.

— Sasa hiyo si inamtetea?

— Inategemea na chawa.

Ta-ta-ta, taa. Nuruddin alimimina, akatoa la kwake.

— Mimi naona tatizo ni rangi. Injinia, kile kitufe umekipaka nyekundu. Nyekundu inaita mkono. Nilipaka mlango wa duka nyekundu, watu wakawa wanausukuma hata nimefunga, hata Ijumaa niko msikitini.

Injinia alikunja nne. Alikuwa akisubiri siku nyingi mtu aulize.

— Sikilizeni, kitufe si mchezo. Kwanza unakiunda. Hapo ni kiboksi kitupu, hakina hata jina. Ndipo unakipa maandishi, unakipa upana, rangi, mahali pa kukaa. Mwisho unakipa kazi: ukibonyezwa, fanya hivi. Sasa mimi Msiba nimeupa upana kuliko vyote, nikauweka wa kwanza juu, na ukipitisha mshale juu yake unakoza. Vya mbuzi na ng'ombe viko chini, vidogo.

— Heshima, alisema Profesa. Msiba hutangulia.

— Msiba hutangulia, waliitikia wote kama wako kanisani, na Nuruddin naye.

— Lakini mnasahau mashine yenyewe, Profesa aliendelea. Ile kompyuta imenunuliwa mtumba Mwanza. Nasikia ilikuwa hospitali. Mashine iliyozoea vifo uiletee mbuzi waliopotea, itaridhika? Ndiyo maana wahenga wakasema mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Mwenyeji gani kapona hapa?

— Mayige. Si yuko hai?

— Mimi nakwenda mbali zaidi, alisema Breki, akashusha sauti. Mashine imeona.

— Imeona nini?

— Mzee anakwenda. Hizi zinaona, oya. Simu yangu inajua nataka tairi kabla sijamwambia mtu. Ile kompyuta imemtazama Mayige akipita sokoni, imempigia hesabu, ikasema huyu bado kidogo.

— Kama imeona yenyewe, nikauliza, Scola kosa lake nini?

— Kuiruhusu iseme.

Nilikuwa nimejiapiza kunywa kahawa na kunyamaza. Nikaweka kikombe chini.

— Jana jioni nilikaa na Scola, nikamwomba afungue kompyuta mbele yangu, spika tumeizima. Mnajua inavyofunguka? Anaandika neno la siri, anabonyeza enta. Kimya. Anabonyeza enta tena. Ofisi ile wote wanafanya hivyo, mwenyekiti wa kamati akiwemo, kwa sababu mashine ni nzito. Inaamshwa kama ng'ombe mzembe, kofi la kwanza haliinui. Sasa enta ya kwanza inafungua programu. Ile ya pili inakwenda wapi?

— Inapotea, alisema Breki.

— Haipotei. Dirisha la Injinia likifunguka, kitufe cha kwanza kinakuwa kimeshashikishwa zamu. Enta yoyote itakayotua ni yake. Na cha kwanza ni kipi?

Breki alimtazama Injinia.

— Kutangulizwa mstarini ni heshima, nikaendelea. Kushikishwa zamu kabla mtu hajataja jina la marehemu ni uzembe. Kitufe cha msiba kilitakiwa kifungwe, kififie kabisa, hadi jina lichaguliwe. Kisha kiulize: una uhakika? Hiyo ni mistari michache tu ya kuandika. Ila mwanamume kaandika vibaya, kidole cha mwanamke ndicho kinapelekwa kwenye kikao.

— Sista, punguza moto, alisema Injinia. Kuuliza una uhakika kunachelewesha. Mtu kafiwa, wewe unamuuliza una uhakika?

— Hapo kasema, alisema Profesa. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

— Hiyo inanitetea mimi, Profesa.

— Inatetea wote.

— Haya, nikamgeukia Injinia tena. Tuseme kitufe kimebonyezwa. Kilipaswa kutangaza nini, wakati hapakuwa na msiba? Hilo faili la sauti linalomtangaza Mzee Mayige lilifikaje humo?

Injinia alipuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

— Faili limo tu. Programu zinakuja na vitu vyake.

— Kama mtumba, alisema Breki haraka. Unanunua koti, unakuta tiketi ya mtu mfukoni.

Walicheka sana, zaidi ya mzaha wenyewe ulivyostahili. Nuruddin akagonga vikombe. Ta-ta-ta, taa.

— Mwangaluka.

Tuligeuka. Alikuwa Mzee Mayige, na gambuti zake na fimbo ya kuchungia. Waliitikia mwangaluka guku, yaani babu, bila kumtazama usoni. Kumsalimia mtu ambaye juzi ulimwekea turubai la matanga ni kazi. Nilimpisha. Alikaa juu ya komeo bila kushtuka.

— Karibu kahawa, mzee wangu, alisema Nuruddin.

— Subiri kwanza. Nakwenda kwenye kamati. Nimeitwa nikamwone mbaya wangu, huyo binti Scola. Nimeona nipite hapa, maana kuna jambo silielewi, na hapa nasikia ndipo wanapokaa wanaoelewa.

— Uliza, mzee, alisema Profesa. Kuuliza si ujinga.

Hiyo ndiyo methali pekee aliyoipatia mahali pake asubuhi hiyo.

— Mimi kompyuta siijui, alisema Mzee Mayige. Juzi niliposikia nimekufa nilishtuka, sikusikiliza vizuri. Jana nikaja mapema kuulizia, tangazo likanikuta chini ya nguzo palepale. Nikasimama nijisikilize. Ile sauti inakoroma, siitambui. Ni spika, inamkoromesha kila mtu. Lakini nyuma ya sauti kuna kitu kinalia. Waliposema mzee wetu katutoka, kikalia. Waliposema mazishi yatatangazwa baadaye, kikalia tena. Ta-ta-ta, taa.

Mkono wa Nuruddin ulikuwa juu, kikombe hiki mbali na kile. Ulibaki hivyohivyo.

— Nauliza tu, wanangu. Nilifia wapi?

Profesa alitafuta methali, nikaona midomo inacheza, hakuipata. Injinia alikuwa akichunguza ncha ya kiatu chake.

— Guku, alisema Breki hatimaye, ilikuwa majaribio tu. Injinia alileta kompyuta yake hapa, tunajaribu kitufe kinavyolia. Kitufe hakilii bila sauti, si ndiyo? Profesa akasoma, kompyuta ikarekodi. Tukacheka, basi. Tulijua atafuta.

— Nilisahau kufuta, alisema Injinia. Kitufe nilikipa lile faili, halafu nikasahau.

— Na juzi mliposikia? aliuliza mzee.

— Tulisema litapita, alisema Breki.

— Jana?

Mzee Mayige alitingisha kichwa taratibu, kama mtu anayesikia bei ya ng'ombe wake ambayo hakuitegemea.

— Sawa. Mlitaka marehemu wa kujaribia. Ninyi ni wanaume wanne hapa, kila mmoja ana jina alilopewa na baba yake. Mbona hamkutumia la kwenu?

Nina medali mbili za mdahalo nyumbani kwa mama. Swali kama lile sijawahi kuliuliza wala kuulizwa. Nilimtazama Profesa, aliyesoma tangazo. Nilimtazama Nuruddin, aliyegonga. Birika lilikuwa bado lina kahawa, na hakuna aliyelikumbuka.

Mzee aliinuka.

— Saa nne inakaribia. Nuruddin, beba hivyo vikombe, twende. Wewe uliyesoma tangazo, njoo. Na wewe mwenye kitufe.

Nuruddin alichukua taulo, akaanza kuvifunga vikombe taratibu visigusane.

— Usivifunge, alisema Mzee Mayige. Huyo binti anaitwa mchawi. Viache vilie.

Tukavuka soko zima tukimfuata, Injinia nyuma kabisa. Kwa kila hatua ya Nuruddin vikombe vililia mkononi mwake, na pale chini ya nguzo wauza nyanya waliacha kupanga mafungu, mmoja baada ya mwingine, wakainua vichwa kuitazama spika. Ilikuwa kimya. Wakateremsha macho, wakaviona vikombe.