Jina Nililoshindwa Kuandika

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu wa kikundi chetu cha kufarijiana, nilipoombwa kuzungumza leo nilikataa mara mbili, kwa hiyo mnivumilie.

Wengi hapa mnanijua kwa kazi ya mabango. Biashara zilipofunguliwa kwa watu binafsi, kila mwenye duka hapa Buzuruga alitaka jina lake juu ya mlango, nami niliandika. Mume wangu alikuwa seremala. Magonjwa yalipozidi, kazi yake ikawa majeneza na misalaba. Yeye anaranda mbao, mimi naandika majina. Niliandika hata ya watu niliosoma nao. Kisha akaugua yeye.

Siku ya mazishi msalaba wake ulisimamishwa mtupu. Nilisema nitauandika baada ya arobaini. Arobaini ikapita, mwaka ukapita. Ndugu zangu, nawaambia, mkono huu nikishika brashi kwa ajili yake ulikuwa unakufa ganzi. Mama mkwe wangu alikuwa akitoka kijijini kwenda makaburini, akirudi ananiuliza kwa upole kwa nini mwanawe hana jina. Namjibu rangi imekwisha. Rangi ilikuwepo. Mwishowe niliacha hata mabango, nikawa nashinda nimelala, watoto wanalishwa na majirani. Naona aibu kulisema hilo, maana majirani wenyewe wamo humu.

Ndipo akaja mama mmoja mzee. Nilidhani ni Mhindi wa maduka ya mjini, kumbe ametoka Sri Lanka, mwanawe ni fundi mitambo kwenye kiwanda cha minofu ya samaki. Wao ni Wabudha, na huko kwao alikuwa akichora kuta za mahekalu. Sasa alitaka mtu wa kumsaidia kuchora ukuta wa sebule ya mwanawe. Nikakataa. Akarudi kesho yake, na siku iliyofuata. Nikaenda ili asirudi tena.

Tulichora kijana, mtoto wa mfalme, anayetoka nje ya nyumba yao kwa mara ya kwanza. Njiani anamwona mzee, anamwona mgonjwa, anaona maiti. Wa nne ni mtawa anayetembea taratibu, uso wake una furaha. Huyo kijana ndiye Budha wao, kabla hajawa mwalimu. Mimi nilipewa kuchora maiti. Nilipomaliza, nikaona nimechora uso wa mume wangu. Nikachukua kitambaa nimfute. Yule mama akanishika mkono.

"Muache," akasema, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Kwetu tunaanza hapo. Maumivu yapo. Wewe unakimbia, yenyewe yanakufuata."

Nililia palepale, brashi mkononi. Hakuniambia ninyamaze. Nilipomaliza akasema amebaki mtawa, na huyo pia nimchore mimi. Nikamwambia siwezi kuchora mtu mwenye furaha. Akanieleza kwamba mtawa yule hajapata kitu chochote cha kumfurahisha. Amewatazama wale watatu bila kugeuza uso, ndiyo maana moyo wake umetulia.

Ilinichukua siku nne. Kila jioni yule mama anautazama mdomo wa mtawa, anatikisa kichwa, nafuta. Siku ya nne nikamkumbuka mama mkwe wangu anavyokaa kaburini aking'oa majani polepole, bila kumlaumu mtu. Nikachora uso wake.

"Huyu ndiye," akasema yule mama wa Sri Lanka.

Jumamosi hiyo nilimwomba mama mkwe tufuatane makaburini. Nikapiga magoti, nikaandika. Herufi ya kwanza ilipinda, na iko hivyo mpaka leo. Mama hajui kusoma, akaniomba nimsomee. Nikamsomea kwa sauti. Akaomba tena, na tena, na kila mara aliitikia, kama mama anayeitikia kwa niaba ya mwanawe.

Kuna waliouliza kama nimebadili dini. Hapana, Jumapili nipo kwaya kama kawaida. Yule mama hakunihubiria, alinifundisha kutazama.

Amesharudi kwao, na ninamshukuru huko aliko. Nawashukuru majirani kwa kila sahani ya ugali iliyoingia kwangu nikiwa nimelala. Nakushukuru wewe mama, uliyekaa hapo mbele, kwa kuniuliza kwa upole mwaka mzima.

Nami nimejifunza hili: furaha yangu ilirudi siku niliyoacha kuukimbia msiba wangu. Kama kuna mwenzangu ana jina asiloweza kulitamka, asijilazimishe leo. Apite kibandani kwangu, ninapoandika mabango, siku yoyote. Nitampa brashi na kipande cha ubao, nami nitakaa karibu nikiendelea na kazi yangu, mpaka atakapokuwa tayari.