Gari ya Haidari Yachemka Njiani Kwenda Maziko

Kijiwe cha kahawa cha Mzee Badru kiko kando ya stendi ya Kibondo: benchi mbili zinazotazamana, jiko la mkaa katikati, na ubishi usiokatika. Wenyeji ni wale wale. Bazilio, fundi magari, wanamwita Injinia. Fidele, ambaye redio haimtoki sikioni, ni Satelaiti. Pasikali aliwahi kuwa karani wa mahakama, basi ni Hakimu mpaka leo. Siku hiyo walikuwa na mgeni mwenye msiba. Haidari, muuza vitambaa wa Kasulu, aliingia saa tano huku gari yake ya milango miwili ikisukumwa na watu wa stendi, boneti ikifuka mvuke. Baba yake alikuwa amefariki alfajiri kule Kasanda. Haidari ndiye mtoto wa kiume pekee, na ndiye aliyetakiwa kushuka kaburini kuupokea mwili. Maziko yalipangwa baada ya swala ya alasiri.

Sasa ilikuwa saa nane, na boneti bado iko wazi.

— Gasketi imekwenda, alisema Injinia akipangusa mikono. Hizi gari za kukimbia zimetengenezewa nchi za baridi. Huku kwetu milima mitupu, injini inahema mpaka inakata roho.

— Kibondo kuna joto gani, mwe? Satelaiti alidakia. Mimi asubuhi nimevaa makoti mawili. Tatizo ni mtambo. Nimesikia redioni, gari za mtumba zinafungwa mtambo huko huko zilikotoka. Ukimaliza kilomita zako, mzungu anabonyeza, inazima.

— Anabonyeza akiwa wapi? Injinia aliuliza.

— Kwao! Anakuona kwenye kioo, anasema huyu katosha.

Haidari alishika kikombe bila kunywa. Alijua gari imezimwa na nani. Miezi miwili nyuma, feni ya rejeta ilipokataa kujiwasha yenyewe, fundi mmoja wa Kasulu aliiunga moja kwa moja na kuweka swichi chini ya usukani. Kila ukipanda kilima, unabonyeza. Haidari alikuwa hajawahi kusahau. Leo alitoka Kasulu akilia, na mkono haukuikumbuka swichi. Alishtuka alipoona mshale wa joto umelala kwenye nyekundu. Angeweza kuwaambia. Lakini maneno yao yalimpa pa kujificha, akawaacha waendelee.

— Haidari, mwanangu, Hakimu alisema kwa upole, gari hii ilishakuletea matatizo kabla ya leo?

— Ilishaniletea, mzee. Mwezi wa pili nilikuwa nakwenda kumwona baba, klachi ikakatikia Busunzu. Mwezi wa tano nikaanza tena safari, ikawa inakunywa oili kuliko petroli, nikageuza. Miezi miwili nyuma, siku ya Idi, feni ya rejeta ikagoma, nikarudi.

— Mara tatu! Hakimu aliinua vidole. Na zote unakwenda Kasanda?

— Zote.

— Basi hiyo si gasketi, jamani. Gari ina milango miwili, imeumbwa kubeba bwana na bibi yake kwenda kutembea. Haipendi wazee, haipendi misiba. Inajua inakopelekwa.

— Ego! Satelaiti alikubali akipiga paja. Na huenda mwenyewe wa kwanza alifia ndani.

Injinia alitikisa kichwa, lakini akaenda kunusa viti.

Mzee Badru alimbadilishia Haidari kahawa iliyopoa.

— Marehemu alipata kuipanda?

— Hakuipanda. Kila nikipiga simu aliniambia, njoo nayo tuizunguke Kasanda yote, watu wanione. Nikawa namwambia, ikitengemaa tu, baba, nakuja.

Mwaka mzima hakumtia machoni mzee wake, na hilo lilimuuma kuliko kifo chenyewe.

— Utafika nayo, Injinia aliahidi. Nipe nusu saa. Mfiwa hafiki kwao amekunjamana nyuma ya bodaboda.

Nusu saa hiyo ilikuwa ya nne tangu asubuhi.

Hapo akapita Immakulata, mama anayeuza ndizi stendi, beseni kichwani.

— Mwiriwe, wazee. Nani kafiwa?

Walimweleza wote kwa pamoja: maziko ya Kasanda, gasketi, mtambo, mzungu, viti. Alisikiliza mpaka mwisho, akalitua beseni.

— Poleni sana. Ila gari za abiria za kwenda Kakonko, njia hiyo hiyo ya Kasanda, mbona zimepita hapa mbele yenu tangu asubuhi? Mlikuwa mnangoja nini?

Injinia aliiangalia spana yake. Satelaiti, kwa mara ya kwanza siku hiyo, alizima redio. Haidari alisimama, akamwachia Mzee Badru funguo, akavuka barabara mbio na kupanda pikipiki ya kwanza aliyoiona.

Hawajaumaliza mji, simu ikaita. Alikuwa Mwamvua, dada yake. Haidari akamwomba dereva asimame.

— Niko njiani, dada. Waambie wanisubiri.

— Kaka, huku mvua imefunga. Sheikh kasema kaburi litajaa maji, tusingoje alasiri. Wameshamzika.

— Nani kampokea?

— Gharibu, mtoto wa ba'mdogo. Usikimbize pikipiki tena, kaka. Njoo taratibu.

Haidari alishuka kwenye pikipiki, simu sikioni, magari yakimpita.

— Alikuwa mzito? aliuliza.

— Nani?

— Baba. Walipomshusha.

— Sijui, kaka, Mwamvua alisema, na sasa alikuwa analia. Wanawake hatukwenda makaburini. Itabidi umuulize Gharibu.