Chumvi Kwenye Mibuni ya Rubeni

Hapa Nanyala, kando ya barabara ya Tunduma, benchi letu huwa limeshaamua kila kitu kabla ya saa mbili asubuhi. Marta anauza kahawa. Hezron, fundi pikipiki, tunamwita Injinia, na Aliko wa bodaboda ni Mahakama, maana huhukumu kabla ya kusikiliza. Leo Rubeni alikuja amenywea. Wiki iliyopita aliipulizia mibuni yake mia tatu dawa ya ugonjwa wa kutu ya majani, na jana ndiyo akasoma pakiti: chumvi besi ya shaba.

— Nimeua shamba la baba, alisema. Nimelipulizia chumvi!

Injinia akakuna kidevu.

— Chumvi inanyonya maji, kaka. Mibuni itakufa kwa kiu hata mvua ikinyesha.

— Kiu kitu gani! alidakia Mahakama. Buni zitaiva zimeshakolea. Wazambia hapo mpakani watazipikia maharage.

— Na mvua itaishusha mtoni, akaongeza Injinia. Tutavua samaki waliotiwa chumvi kabisa.

— Wabaki kukaangwa tu, alimalizia Marta.

Rubeni hakucheka. Kesho, alisema, anaosha mibuni yote, shina kwa shina. Mimi nami, mjinga, nilishakubali kumchotea maji.

Mwalimu Ruti, anayefundisha kemia sekondari, alikuwa anasubiri gari la Vwawa. Akaweka kikombe chini.

— Usioshe, baba! Asidi na besi zikikutana ndiyo tunapata chumvi. Kwenye dawa hii asidi imeisha, besi bado imebaki ndani. Ndiyo maana inaitwa chumvi besi. Siyo ya kwenye mboga. Haiyeyuki ovyo kwa mvua, inakaa juu ya jani na kuzuia kutu.

— Kwa hiyo haiunguzi? aliuliza Rubeni.

— Ukifuata kipimo, hapana. Majani yakoje sasa?

Injinia alitazama viatu vyake. Mahakama alitazama lori likipita.

— Mwalimu, tangu jana naogopa kwenda, alisema Rubeni.

Shamba liko nyuma ya gereji ya Injinia. Rubeni aliondoka karibu anakimbia, akarudi na jani mkononi: zima, la kijani, lina vumbi la dawa. Machozi yalimtoka mbele yetu na hakuyaficha. Nami nilipumua, kwa ajili yake na kwa ajili ya mgongo wangu.

— Si nilisema? Mahakama akajitapa.

Rubeni akaagiza kahawa ya wote. Marta akainamisha birika. Likatoa matone mawili.