Msabaha Mrisho na Injini Tatu za Ndege Yake

Tunayemsindikiza leo, Jumatano tarehe 12 Februari 2025, ni Msabaha Mrisho, ambaye Bagamoyo nzima ilimjua kwa jina la fundi ndege, ingawa wengi walilitamka huku wakicheka. Familia iliuandika wasifu huu jana baada ya alasiri. Mengi yaliyomo yametoka kwa kaka yake, Mzee Shuaibu, naye ameomba yasipunguzwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, Magomeni, Bagamoyo, mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Mrisho, mvuvi, na Bi Hajra. Mama yao alifariki Msabaha akiwa bado mdogo. Aliyemwogesha, akampeleka chuo cha Kurani na kumchapa alipostahili ni Shuaibu, aliyemzidi miaka saba. Hata walipoota mvi wote wawili, Msabaha hakuthubutu kumwita kaka yake kwa jina.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1981, hodari wa hesabu na mvivu wa insha. Wakati huo aliifungua cherehani ya jirani ili ajue kilichomo ndani. Aliifunga tena, ikashona vizuri kuliko mwanzo, ila skrubu moja ikabaki mkononi mwake. Shuaibu alimwambia, "Wewe utafika mbali, lakini utafika na kitu kimepungua." Walicheka sana siku ile.

Mwaka 1985 aliajiriwa katika karakana ya Bwana Hamood, mfanyabiashara wa mjini, akitengeneza mashine za boti. Alidumu hapo maisha yake yote, na nahodha aliyerudi kulalamika alikuwa nadra. Tarehe 20 Agosti 1994 alimuoa Bi Mwanaharusi, wakajaliwa watoto wawili, Adila na Salumu. Bi Mwanaharusi aliambiwa anaolewa na fundi wa boti. Habari za ndege hakuna aliyemwambia.

Ndege ilianza mwaka 2011, uani kwake, kwa mabomba ya alumini, turubai na pangaboi alilolichonga mwenyewe kwa mti wa mninga. Mwili wa ndege haukumsumbua, kilichomsumbua ni moyo wake, yaani injini. Ya kwanza ilikuwa ya pikipiki. Ilipiga kelele nyingi, ikatikisa ndege mpaka nati zikafunguka, lakini nguvu haikuwa nayo. Ya pili ilikuwa mashine ya boti ya Shuaibu mwenyewe, nyepesi na yenye nguvu. Wavuvi wa kwetu hawaendi baharini siku ya Ijumaa, basi kila Alhamisi jioni Msabaha aliiazima. Kaka yake alimwambia, "Chukua, ila Jumamosi niikute kama nilivyokupa."

Baharini mashine ile hupozwa na maji ya bahari, yanayovutwa na pampu yenye kipande cha mpira ndani. Uani hakuna bahari, hivyo Msabaha alikitoa kile kipande, akaipoza kwa rejeta ya gari. Ijumaa ya tarehe 6 Juni 2014 aliirudisha mashine kwa haraka, na mpira ukabaki juu ya meza. Aliuona kesho yake adhuhuri. Alikimbia hadi ufukweni bila viatu, akakuta boti imeshaondoka. Mashine ilikosa maji, ikapata moto na kunoki huko mbali, boti ikasukumwa kaskazini na kuvunjika kwenye miamba upande wa Saadani. Waliokuwamo walitoka salama, alhamdulillahi, lakini boti ambayo Shuaibu na Msabaha waliachiwa na baba yao ilikwisha pale.

Shuaibu hakugomba. Alisema, "Mdogo wangu, umenitoa baharini," akahamia Kiwangwa kulima mananasi. Tangu hapo, kila Idi baada ya sala, Msabaha alipanda gari kwenda Kiwangwa. Alimwamkia, "Shikamoo, kaka." Alijibiwa, "Marahaba." Alisema, "Niwie radhi, kaka." Shuaibu alimmenyea nanasi, akalikata vizuri, akamwekea mbele, asitamke neno la radhi. Msabaha alikula na kurudi mjini.

Injini ya tatu ilitoka kwenye gari la Volkswagen, lile la mgongo wa kobe. Hiyo hupozwa kwa upepo, haitaki maji kabisa. Mwezi wa Septemba 2018, kwenye uwanda wa Mkange, magurudumu yaliacha ardhi kwa umbali wa uwanja wa mpira. Walioona walipiga takbiri. Wiki iliyofuata Msabaha aliifungua ile injini, akaipeleka Kiwangwa na kuifunga kwenye pampu ya kumwagilia shamba la kaka yake. Ndege haikuruka tena. Shuaibu aliitumia pampu, na bado hakulitamka neno lile.

Marehemu alianza kuugua figo mwaka 2023. Ijumaa iliyopita hali ilipokuwa mbaya, Bi Mwanaharusi alimpigia simu Shuaibu. "Shemeji, anakuulizia wewe tu." Shuaibu alijibu, "Mwambie nakuja Jumatano." Msabaha alifariki nyumbani kwake jana, Jumanne, alfajiri.

Ni desturi yetu, kabla ya kuzika, kumwombea marehemu radhi kwa aliowakosea. Mzee Shuaibu ametukataza. Amesema, "Hakuna la kumwombea. Kosa lake lilinitoka moyoni zamani, hata kabla ya pampu. Nilikuwa napenda kuombwa. Kila Idi nilikaa namsubiri aje aniombe tena. Andikeni hivyo, watu wasikie." Kisha akamgeukia Bi Mwanaharusi, akamwomba radhi mbele ya watoto.

Bi Mwanaharusi alijibu, "Yangu nimekupa, shemeji. Ya Msabaha mimi sina."

Marehemu ameacha mjane, Bi Mwanaharusi; watoto, Adila na Salumu; wajukuu watatu; na kaka yake, Shuaibu, ambaye ndiye atakayeshuka kaburini kumpokea na kumlaza.

Mola amlaze Msabaha kwa amani, na amfikishie neno ambalo hakulisikia. Amin.