Shemeji Amerudi Darasani

Mbele ya kibanda cha Kinyozi kuna benchi la mbao na birika la kahawa. Jumatatu asubuhi tulikuwa watatu: mimi, Spana fundi wa magari, na Wakili, tarishi mstaafu wa mahakama. Kinyozi anafagia nywele, sisi tunamjadili mkewe. Ni muuguzi msaidizi, mwaka wa ishirini huu kazini, lakini miezi mitatu mfululizo kila Jumamosi alitoka na daftari kwapani.

— Shemeji anasomea nini na umri huu? Spana akaanza. Samaki mkunje angali mbichi!

— Vyaelea vimeundwa, Wakili akamkata. Anafungua hospitali yake yule.

— Hospitali ndogo! Anautaka uwaziri wa afya.

— Basi Kinyozi atamnyoa rais. Chanda chema huvikwa pete!

Kinyozi akaegemeza ufagio ukutani.

— Amesomea kuwasaidia watoto wanaozaliwa bila kupumua. Una dakika moja tu, jamani. Mtihani wa kwanza alianguka, dakika ilimpita. Akarudi analia, eti darasani wanamwita bibi. Nikamwambia, mama watoto, lete mwanasesere wa binti yetu. Kila jioni yeye anampulizia hewa kwa kimpira cha kubinya, mimi nashika saa. Meza yote yake, chakula tunakula sakafuni.

— Ikawaje? nikauliza.

— Akawa wa kwanza darasani! Na juzi kazaliwa mtoto kimya, kalegea kama kitambaa. Daktari yuko na mgonjwa mwingine. Aliyemfanya mtoto yule alie ni mke wangu.

Spana akavua kofia, na methali zikamwishia Wakili.

Ndipo akatokea kijana mmoja tusiyemjua, shati limekunjamana, uso mzima unacheka.

— Shikamooni wazee. Namtafuta muuguzi aliyemwokoa binti yangu, nimeambiwa mumewe yuko hapa. Tunataka mtoto aitwe jina lake. Anaitwa nani?

— Shemeji, alisema Spana.

— Mke wa Kinyozi, alisema Wakili.

— Hapana, jina lake hasa.

Nikakohoa. Miaka kumi na mitano tunakula kwake, na hakuna aliyelijua. Tukamtazama Kinyozi. Yeye alilijua, ilionekana machoni. Akavua aproni, akafunga kibanda saa tatu asubuhi, wateja wakimwona, akamshika mgeni mkono.

— Twende nyumbani, baba. Jina hilo atakutajia mwenyewe.