Kanga Mbili Ukutani: Tukimkumbuka Fundi Praxeda

Wasikilizaji wapendwa, kuanzia ninyi wa Horohoro pale mpakani mpaka ninyi wa Pangani, na ninyi mnaotunasa kwa shida huko juu Amani, mimi ni Dorkasi Manase. Kipindi hiki mmezoea nakifanya kwa sauti ya upole. Leo nimekasirika, na sitajifanya sikukasirika.

Tunamkumbuka Praxeda Ernesti Kumburu. Mchoraji. Alifariki mwezi uliopita nyumbani kwake Ngamiani, kwa presha, akiwa na miaka hamsini na minane. Wengi mlimwita Fundi Praxeda, yule mama mwenye ovaroli yenye rangi zote za dunia, anayepanda ngazi huku akigombana na mtu aliye chini. Kama umewahi kunyoa Ngamiani, au kununua nyama, basi umesimama chini ya kazi yake. Ng'ombe aliowachora kwenye mabucha walikuwa wanene kuliko ng'ombe yeyote aliyewahi kuchinjwa Tanga, na wenye mabucha walimpenda kwa hilo.

Praxeda alizaliwa kambini, kwenye shamba moja la mkonge upande wa Muheza. Baba yake, mzee Ernesti, alitoka Songea kuja kukata mkonge, kisha akahamishiwa kwenye korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge yatoke nyuzi. Mashine ilikuwa na kibao cha onyo. Kibao kizuri, chekundu, mistari minne ya Kiingereza. Mzee Ernesti alipita mbele ya kibao hicho miaka sita. Mwaka wa saba, mashine ikamla vidole vitatu.

Dada yake, Lea Kumburu, anaikumbuka siku baba aliporudi kutoka hospitali.

"Msimamizi alikuja kutupa pole," anasema dada Lea. "Akamwambia baba, lakini mzee, si onyo lilikuwepo? Baba akajibu, ndiyo bwana. Praxeda alikuwa darasa la nne. Akatoka nje, akaokota mkaa, akachora mkono kwenye ukuta wetu. Mkono wenye vidole viwili. Mama akamchapa kwa kuchafua nyumba."

Wasikilizaji, mtu amekatwa vidole, na anaulizwa kwa nini hakusoma lugha asiyoijua. Praxeda alikua na hasira hiyo. Alijifunza kazi ya vibao kwa fundi mmoja wa Barabara ya Kumi na Mbili, akafungua chumba chake mwenyewe, na jioni akimaliza ng'ombe na vichwa vya saluni, alichora michoro ya watu wasiosoma. Namna ya kutumia dawa ya mdudu shambani. Namna ya kuchemsha maji. Hakuna aliyemtuma.

Alikuwa na utaratibu wake. Hakuwahi kumuuliza mtu, "Umeelewa?" Alisema sisi watu wa pwani tuna adabu mno, tutaitikia ndiyo hata kama tunatazama kibao kimegeuzwa juu chini. Yeye aliweka mchoro mbele yako, akauliza, "Unaona nini?" Halafu akanyamaza. Dada Lea anasema hakuwahi kumuona mdogo wake amenyamaza mahali pengine popote.

Sasa tuingie kwenye kilichonikasirisha.

Miaka mitano iliyopita, mradi mmoja wa afya ya uzazi ulimwita Praxeda achore ukuta wa zahanati, kwenye kijiji kimoja mbele ya Tongoni. Jina la kijiji naliacha, wenyewe mnajijua. Kazi ilikuwa moja. Mwanamke akijifungua nyumbani na damu ikawa nyingi kupita kiasi, watu wajue kwa macho, bila kusoma, kwamba sasa ni hatari na aondolewe mara moja. Wauguzi walimpa kipimo. Kanga mbili. Damu ikilowesha kanga mbili, hakuna kungoja.

Praxeda akachora. Mama mzazi kakaa mkekani, na pembeni kanga mbili zimekunjwa, zina madoa mekundu. Akaupeleka mchoro kwa Bi Mwanamwema binti Hatibu, mkunga wa jadi, mama wa Kipemba aliyehamia kijijini hapo zamani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu mkekani."

"Bibi, unaona nini hapa?"

Bi Mwanamwema akautazama, uso ukamchangamka. "Naona mzazi kaletewa visutu. Viwili! Mungu amzidishie huyo mume."

Visutu, wasikilizaji. Kisutu ni ile kanga nyekundu, nyeusi na nyeupe, anayopewa bibi harusi, anayotunzwa mzazi. Damu ya Praxeda ilikuwa imegeuka zawadi. Alikwenda kwa wanawake wengine tisa, na saba kati yao wakaona visutu. Binti wa kambini, Mkatoliki wa Kingoni, alikuwa ameishi pwani maisha yake yote na jambo hilo halikumpitia kichwani. Alirudi kwa Bi Mwanamwema ameshika kichwa, akaomba msaada.

"Kanga yenye damu haikunjwi, mwanangu," Bi Mwanamwema akamwambia. "Hukamuliwa. Mchore mtu anakamua."

Basi Praxeda akachora mikono inakamua kanga, damu inatiririka ndani ya beseni. Kanga ya kwanza. Chini yake, kanga ya pili. Chini yake, bajaji na mama kalazwa ndani. Alipanga kutoka juu kwenda chini, maana bibi waliosomea chuo cha Kurani huanza kusoma kutoka kulia na watoto wa shule huanza kushoto, lakini juu ni juu kwa kila mtu. Safari hii wote kumi walisema kitu kimoja. Damu imezidi, mpelekeni hospitali.

Ukuta ulikaa miezi saba. Kisha kukawa na habari za wageni wa mradi, watu wa kutoka mbali wenye kamera. Mratibu alifika kukagua. Akasema damu inatisha. Akasema haitatoka vizuri kwenye picha. Ukuta ukapigwa chokaa, na juu yake likatundikwa bango la kuchapishwa, mwanamke anacheka meno yote nje, nembo tano chini yake, na maneno: Kila Mama Anastahili Huduma Bora.

Praxeda alimfuata ofisini. Dada Lea alikuwepo.

"Bwana mratibu, mwanamke anatoka damu. Bango lako linamwambia afanye nini?"

"Linatia matumaini, mama," akajibiwa.

Na hapa niseme langu. Maneno ya bango lile yalikuja redioni kama tangazo. Nani aliyesoma? Mimi. Kwa sauti hii hii mnayoisikia, wiki mbili mfululizo, baada ya taarifa ya habari. Kila mama anastahili huduma bora. Sikuuliza lilikuwa linamwambia nani kitu gani.

Mwezi huo huo kijana anaitwa Mbarouk alihamia kijijini kutoka Pemba na mkewe, Khairat, mwenye mimba ya pili. Hawakuwahi kuuona mchoro wa Praxeda. Walichokiona ni yule mwanamke anayecheka. Khairat alikaa chini yake siku ya kliniki. Jumamosi moja asubuhi alijifungua nyumbani kabla hawajapata usafiri, mtoto wa kike, mzima. Bi Mwanamwema alikuwa msibani kwao Pemba, mji wa Mkoani. Kwa Khairat walikuwepo jirani wawili, wageni kama yeye, na Mbarouk.

Nilimuomba Mbarouk ruhusa ya kuyatoa maneno yake, akanipa.

"Mimi ndiye niliyefua," alisema. "Walinitolea kanga, nikafua, nikaanika. Wakanitolea ya pili, nikafua. Ya tatu nikafua. Nikawa naona nasaidia, dada. Kila mtu anajua uzazi una damu. Nani angeniambia ile ya pili ndiyo ilikuwa mwisho?"

Khairat alifariki kabla ya adhuhuri. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Kutoka mlangoni kwao hadi zahanati ni mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu.

Praxeda alipopata habari hakulia, anasema dada Lea. Alichukua makopo yake, akapanda gari, akafika kijijini saa sita mchana, jua la utosi. Akalishusha bango, akalikunja vizuri, akaliweka mlangoni. Akaanza kuchora upya, mbele ya kila mtu, bila kibali. Mikono, kanga, beseni. Bi Mwanamwema alikuwa amerudi, alimshikia ngazi.

Mtendaji wa kijiji akamwita. Uharibifu wa mali, wakasema. Mratibu naye alikuwepo. Wakamtaka jina.

"Andikeni," alisema Praxeda. "Praxeda Ernesti Kumburu, kazi yangu kuchora. Na juu ya jina langu andikeni Khairat. Bila hilo siweki sahihi."

Karatasi haikuandikwa. Kesho yake walikuja watu na ndoo ya chokaa. Wakakuta wanawake wamekaa chini, wameuegemea ukuta mzima kwa migongo, wanamenya mihogo. Walikaa siku mbili. Watu wa chokaa wakachoka, wakaondoka.

Mchoro ule ulikaa miaka minne. Bi Mwanamwema anao wanawake wake kichwani, kwa majina. "Kumi na mmoja," aliniambia. "Waume zao waliona kanga ya pili wakakimbia kutafuta chombo. Wote wamerudi kwa miguu yao."

Praxeda tulimzika Muheza, karibu na baba yake. Siku ya tisa baada ya maziko, kulikuwa na mgeni mwingine wa mradi anakuja kijijini. Ukuta ukapigwa chokaa. Hawakungoja hata arobaini yake. Walijua hakuna atakayepanda ngazi.

Dada Lea, pole sana, wewe na ukoo wote wa Kumburu, hapa na Songea. Mbarouk, pole, wewe na binti yako, ambaye sasa ana miaka minne. Bi Mwanamwema, pole kwa kuondokewa na mwanao wa hiari. Mungu ampokee Praxeda na ampe pumziko.

Na wewe mwenye ofisi, mwenye fungu la mabango, tafakari leo ukiwa peke yako. Simama mbele ya bango lako na umuulize mtu asiyekuogopa anaona nini. Halafu nyamaza. Sisi wa redio tutafanya hivyo hivyo, nami nimeanza.

Nilikwenda pale zahanati Jumanne. Ukuta ni mweupe, unang'aa. Kwenye benchi alikaa binti mmoja, mimba ya miezi minane. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, ukishajifungua, utajuaje kwamba damu imezidi?"

Akaona haya, akajifunika mdomo kwa mtandio. "Sijui, dada," akasema. "Kwani huwa inazidi?"

Wasikilizaji wapendwa, mwiteni aliye jikoni, mwiteni aliye uani, wanaume mbele. Kanga ya kwanza ikiloa, tafuteni usafiri. Ya pili ikiloa, muwe mmeshaondoka.